Naitwa Juma, Nani Amenisaidia?

Nyie wenye majina ya pekee pekee hamjui raha mnayokula. Mtu akisimama kituo cha daladala Mbagala akaita "Juma!", konda anageuka, muuza karanga anageuka, abiria aliyekuwa anasinzia anashtuka, na mimi nageuka. Anayeitwa yuko ng'ambo ya barabara anakunywa kahawa.

Jina lenyewe ni la Ijumaa, lilitujia na Waarabu na Uislamu. Kazaliwa Ijumaa, wa kiume Juma, wa kike Mwajuma. Wa Alhamisi ni Hamisi. Utaratibu mzuri tu, ila mimi nimezaliwa Jumanne! Na Jumanne ni jina, wapo wanaoitwa hivyo na wamefika hadi uwaziri. Wazee wakasema babu yako alikuwa Juma, basi, kikao kimefungwa.

Shuleni ndiko niliteseka. Kwenye hesabu Juma ana maembe kumi, anamgawia Asha manne, hakuna siku Asha alirudisha. Kwenye sarufi Juma anapigwa. Juma amepigwa, Juma alipigwa, Juma atapigwa. Nyakati zote.

Sasa hivi nimo kwenye simu za watu. Kwa mwenye nyumba ni "Juma Chumba cha Uani". Kwa mwenye duka ni "Juma Deni", na Juma Deni tuko wawili. Asiyelipa ni yule mwenzangu, anayepigiwa alfajiri ni mimi.

Eti nijivunie, nimtazame Juma Ikangaa. Haya, tumtazame. Mwanajeshi wetu alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, hapo nampigia saluti. Lakini Boston? 1988 wa pili, 1989 wa pili, 1990 wa pili. Tena hiyo ya 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimzidi sekunde moja! Kilomita 42 zote zile, halafu sekunde moja. Miguu haikuwa na kosa pale, jamani. Ni jina.

Juma Kaseja kadaka Simba, kadaka Yanga, kwa hiyo kijiweni pande zote mbili zina neno la kunisema. Juma Nature, mwanamuziki wa Temeke, ndiye aliyefanya kila harusi nisukumiwe kipaza sauti, na sauti sina. Aliyefaidi ni Profesa Calestous Juma wa Kenya, aliyefundisha Harvard. Lakini yule Juma lilikaa nyuma, Calestous likatangulia kumsafishia njia.

Mke wangu ana mimba. Nikatangaza mapema: akiwa wa kiume, Juma sitaki. Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Baba, mtoto wa kwanza anarithi jina la babu yake, na zamu hii ni ya upande wetu."

Baba mkwe anaitwa nani? Juma.

Na baba yangu mimi ni Hamisi. Cheti cha kuzaliwa kitasomeka Juma Juma Hamisi. Huyo si mtoto, ni kalenda.