Moyna naye ni kazi ya Mahasweta Devi

Kila wasifu wa Mahasweta Devi, mwandishi wa India aliyeandika kwa Kibengali, ninaoukuta una orodha ileile: riwaya za Hajar Churashir Maa na Aranyer Adhikar, tuzo ya fasihi ya India ya Jnanpith ya 1996, tuzo ya Magsaysay ya Asia mwaka uliofuata, kisha kifo chake Kolkata mwaka 2016. Juzi nimesoma mwingine, mrefu kweli kweli, na vitabu vyake vya watoto havikupata hata sentensi moja. Nimekasirika.

Moyna wamemwacha wapi? Huyu ni binti wa Kishabar, moja ya jamii za asili za India, katika The Why-Why Girl, kitabu chake chembamba cha picha kilichotolewa na wachapishaji Tulika wa Chennai. Anachunga mbuzi wa matajiri wa kijiji, na mdomoni hana ila kwa nini. Kwa nini nitembee mwendo wote huu kuteka maji? Kwa nini tulale kibandani? Kwa nini tusile wali mara mbili kwa siku? Akiambiwa amshukuru bwana kwa wali aliowapelekea, anakataa katakata: zizi la bwana anasafisha yeye, mbona bwana hamshukuru?

Washabar ni miongoni mwa watu ambao sheria ya Waingereza ya 1871 iliwafungulia njia ya kuhesabiwa wahalifu tangu kuzaliwa. Sheria ilifutwa, dharau ikabaki. Mahasweta aliwapigania miaka mingi huko Purulia, wilaya ya Bengali Magharibi, na Mshabar mmoja, Budhan Sabar, alipofia mikononi mwa polisi mwaka 1998, alisimama hadi kesi ikafika Mahakama Kuu ya Calcutta. Kwangu mimi, kesi ile na maswali ya Moyna havitenganishiki. Tena kitabu hiki kina ujasiri ambao riwaya hazina: msomaji wake huenda ni mtoto wa bwana mwenyewe, aliyeshiba, anayeulizwa ana kwa ana na mchunga mbuzi wao.

Haya, si hadithi zake zote za watoto zilizo nzito hivyo. Nyadosh, ng'ombe wa kwao Mahasweta aliyekula samaki na nyama, ni kichekesho. Lakini watoto wana haki ya kucheka, na Bengali inalijua hilo kuliko wengi: mwongozaji Satyajit Ray, filamu zake zikiwa zimeshavuma duniani, aliona fahari kulifufua jarida la watoto la Sandesh mwaka 1961. Wahakiki wa huko hawana kisingizio.

Kuna mahali Moyna anafika shuleni darasa limekwisha. Mwalimu anamwambia hawezi kufundisha upya kwa ajili yake. Moyna anamwuliza kwa nini asibadilishe saa za masomo, maana asubuhi yeye yuko na mbuzi, na wachungaji wenzake pia. Anayezijua riwaya zote za Mahasweta anionyeshe ni wapi amelieleza jambo hili, la shule iliyopangwa bila kumfikiria mtoto anayefanya kazi, kwa maneno machache kuliko hayo.