Mchoro wa dakika moja haudaiwi pua

Kuna mtu kaandika kwenye grupu letu la wasanii wa hapa Mtwara, mtu mzima tu na heshima zake, eti hii tabia ya kuposti "michoro ya vijiti" tuiache maana inashusha hadhi ya wasanii wa Kusini. Chini yake akatupia kazi yake mwenyewe, sura ya mheshimiwa fulani, penseli, gridi (unaigawa picha kwa vibox alafu unakihamisha kimoja kimoja kwenye karatasi), nywele moja moja, mpaka uzi wa kwenye tai unauona, na watu wakamwaga makofi. Nimeandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta, sasa nimeona isiwe tabu, ngoja niseme huku kwangu ambako hamna admini.

Hivyo vijiti ni vyetu. Tunakutana Jumamosi, wachoraji wachache, mara Shangani mara kule feri ya Msangamkuu, mmoja anapiga pozi wengine wanachora, mmoja kashika simu anahesabu muda. Sekunde 30, dakika 1, dakika 2, ikizidi sana 5. "Badili!" na unahamia karatasi nyingine hata kama ulikuwa hujafika magotini. Tunatumia biki, raba marufuku. Zamu ya pozi ni ya kila mtu, na hakuna anayevua nguo, naomba hilo mlielewe maana kuna dada alituuliza kwa sauti ya chini kabisa. Ndo, najua vyuo vya Ulaya wana modo wa uchi, sawa, wao na kwao. Sisi tuna kanga, na kanga ikivutika kwenye nyonga inakwambia mguu uko wapi bila kuuona.

Sasa hoja yangu ni moja. Ukimnakili mtu kutoka kwenye picha kwa gridi, unaweza kumaliza sura nzima bila kujua yule mtu kasimamia mguu gani. Huhitaji kujua, wewe unahamisha vibox. Kibox hiki cheusi, hiki kijivu, hiki cheusi kidogo, mpaka chini. Lakini mtu akikupigia pozi la dakika 1 huna muda wa vibox, unalazimika kuuliza swali moja tu, uzito uko wapi? Ukishaupata mguu uliobeba, vingine vinajileta vyenyewe, nyonga ya upande huo imepanda, bega la upande huo limeshuka, kichwa kimerudi juu ya unyayo maana la sivyo mtu angeanguka. Unavuta mstari mmoja kutoka shingoni mpaka kisigino, mkono wote unatembea kuanzia begani sio vidole tu, na hapo una mtu. Hana macho wala pua, lakini kasimama, na kama kachoka unaona kachoka.

Nendeni msimu wa korosho mkaangalie makuli wanapakia gunia kwenye fuso, alafu mniambie mtamchoraje kuli kwa gridi. Anachuchumaa kidogo, mgongo unapinda, wenzie wawili wanamtwika, kwa nukta moja hivi magoti yanataka kukataa alafu yanakubali, kaondoka. Hakusubiri. Hajui hata kama unamchora, na akijua atakudai hela ya soda. Nimewachora sana wale jamaa na nyingi ni takataka kweli, mistari mitatu na kitu kama kiazi juu yake, ila kwenye zile takataka kuna moja ambayo goti lake nikiliangalia mpaka leo naumwa mimi. Hilo goti kwenye picha ya simu sijaliona. Simu inakupa goti lililoganda, tena kwa lenzi zake pana ukimsogelea mtu kilicho karibu inakivimbisha, mkono unakuwa mkubwa kuliko kichwa, na mtu wa gridi anaunakili hivyo hivyo kwa uaminifu wote. Hongera.

Haya, haki yake kamera nayo niipe. Mwaka 1878 kule Marekani Eadweard Muybridge alipiga picha za mfululizo za farasi anakimbia na ikaonekana wachoraji wengi walikuwa wanadanganya siku zote, wanamchora farasi kanyoosha miguu minne mbele na nyuma kama paka anajinyoosha, kumbe miguu yote inapoachana na ardhi inakuwa imekunjika chini ya tumbo. Kwa hiyo sawa, jicho nalo linadanganya. Lakini Mtwara farasi wenyewe wako wapi jamani.

Na gridi inalipa. Hilo sibishani. Bwana harusi hataki mistari mitatu ukutani kwake, anataka mke wake na hina yake yote, na mimi mwenyewe hizo oda napokea na kodi ya nyumba inatoka humo humo. Mtu akiuza simsemi. Namsema anayeuza alafu anataka na mazoezi yetu yafanane na bidhaa yake.

Kinachoniuma zaidi ni hilo neno "Kusini". Kusini ipi? George Lilanga ni mtoto wa Masasi hapo, alianza kwa kuchonga ndo akaja kwenye rangi, na mashetani anaowachora wana masikio kama ungo na miguu iliyopinda vibaya, mtu wa gridi angesema kakosea anatomia, lakini angalieni wanavyocheza, hakuna hata mmoja aliyesimama kama yuko studio ya pasipoti. Hebu mwambieni Mmakonde anayechonga ule mpingo wa ujamaa, watu wamepandana mgongoni mpaka juu, kwamba kitu muhimu ni uzi wa tai. Pale kila mwili unabeba mwingine, hakuna aliyekaa bure.

Rodin, yule Mfaransa wa masanamu, mwaka 1906 alipagawa na wacheza ngoma wa Kambodia waliokuja Paris mpaka akawafuata Marseille ili aendelee kuwachora, na ni mistari myepesi tu imepakwa rangi juu, kuna mikono ambayo vidole havihesabiki. Mzee wa miaka 65 huyo, tayari jina analo. Sisi ngoma ya sindimba tunayo hapa hapa, nauli ya bajaji, alafu tunajifungia ndani na gridi.

Jumamosi hii tuko feri, asubuhi kabla jua halijawa kali, njooni na biki na karatasi zozote hata nyuma ya risiti. Supu ya pweza kila mtu ajilipie. Yule bwana wa grupu nae karibu sana, na atakayechelewa ndo anaanza kupiga pozi.