Penye nia pana njia ya mita 111.12

Olimpiki ya majira ya baridi ikikaribia, lazima tuletewe. Kijana wa mbio za barafu aliyeumia miezi michache kabla ya michezo, kinanda kinalia taratibu, kovu linaonyeshwa kwa karibu, halafu mtangazaji anashusha sauti kama yuko msibani na kutuambia kwamba wote walikata tamaa isipokuwa yeye. Wanaotuletea habari hiyo kwa Kiswahili huongezea "penye nia pana njia", na hapo habari imekwisha. Nimeichoka hiyo methali. Vijana hao wanastahili sifa zote, ila wanasifiwa kwa kitu ambacho kila mchezaji anacho, na kazi waliyoifanya kweli haitajwi hata kwa sentensi moja.

Mfano unaopendwa kuliko yote ni J.R. Celski, basi twende naye huyohuyo. Septemba 12, 2009, Marquette, Michigan, siku ya mwisho ya mchujo wa timu ya Marekani ya mbio za barafu za njia fupi (short track). Ana miaka 19. Nusu fainali ya mita 500. Barafu inamponyoka kwenye kona, anateleza hadi kwenye magodoro ya pembeni, magoti yanakunjika kuelekea kifuani, na ubapa wa kiatu chake cha kulia, yaani kile chuma chembamba kinachoteleza juu ya barafu, unaingia paja lake mwenyewe la kushoto hadi kwenye mfupa. Jeraha la inchi sita kwa urefu, yaani kama sentimita 15, na inchi mbili kwa kina. Mshipa mkubwa wa damu wa paja ulinusurika kwa kama inchi moja. Akashonwa nyuzi 60. Siku 154 baadaye, Februari 13, 2010, anapanda jukwaani Vancouver na shaba ya mita 1500.

Muujiza! Haya, sasa tuuchane huo muujiza vipande.

Watu huuliza mtu anawezaje kujikata mwenyewe. Tazama kiatu. Ubapa wa njia fupi una urefu wa zaidi ya sentimita 40 na unene wa milimita moja na ushei, tena haunolewi kwa mfereji katikati kama wa hoki. Unanolewa bapa kabisa: viatu viwili vinabanwa sambamba kwenye fremu, jiwe linapitishwa juu ya bapa zote mbili kwa pamoja, kisha kijiwe kidogo kinapitishwa ubavuni kuondoa vinyweleo vya chuma vilivyobaki. Ukivibakiza, makali yanashika vizuri mizunguko miwili ya kwanza halafu yanakuachia ghafla. Ukinoa sawasawa, unapata pembe mbili za nyuzi 90, kushoto na kulia, zote zinakata. Kisha kisigino kimefungwa. Kwenye njia ndefu, zile mbio za uwanja mkubwa, wana viatu vyenye bawaba, kisigino kinaachana na ubapa mguu unaponyooka. Njia fupi hawaruhusiwi. Mguu ukikunjika, lile panga la sentimita 40 linakunjika nao, na sehemu yake ya nyuma inatafuta nyama. Ndiyo maana mtoto anayeanza hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kupita: kalia makalio, inua bapa zisiguse barafu, geuka ufike godoroni kwa mgongo. Akitangulia kwa miguu, ubapa ukikwama kwenye barafu unavunja kifundo, na usipokwama magoti yanarudi kifuani. Shida ni kwamba kwa kasi ya mita 12 kwa sekunde unafika godoroni kabla hujakumbuka ulichofundishwa.

Lakini hasira yangu hasa iko kwenye paja la kushoto. Hakuna anayesema lilikuwa la kushoto, au wakisema, wanasema kama mtu anayetaja rangi ya shati. Jamani! Njia fupi ni mzunguko wa mita 111.12 ndani ya uwanja wa mita 60 kwa 30, na siku zote unakata kushoto. Hakuna kona ya kulia. Mita 1500 ni mizunguko 13 na nusu, yaani kona 27, zote za upande mmoja. Hata chuma chenyewe kimekubali hali hiyo: ubapa umepindwa kidogo kufuata kona, na umefungwa upande wa kushoto wa soli ili buti lisikwangue barafu mwili unapolala.

Ndani ya kona, mguu wa kulia unavuka mbele, wa kushoto unabaki chini ya mwili umekunjwa, na kutoka hapo chini unasukuma kwenda nje kwa makali yake ya nje. Piga hesabu mwenyewe: mita 12 kwa sekunde, tao lenye nusukipenyo cha mita 10. Mwili unalala zaidi ya nyuzi 50 kutoka wima, na mguu uliopo chini unabeba karibu mara 1.8 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 anabeba kama kilo 126, kwa mguu mmoja, goti likiwa limekunjwa kama anayechuchumaa, juu ya milimita moja ya chuma. Anayeyabeba hayo ni msuli wa mbele ya paja. Ndio uliokatwa.

Na msuli uliokatwa haushoneki ukawa kama kitambaa. Nyuzi zinashika ngozi na utando unaoufunika. Nyama yenyewe inaungana kwa kovu, na kovu halivuti. Linakaa tu. Tena lina tabia ya kugandisha tabaka moja na jingine, msuli na ngozi, msuli na msuli, hivyo goti linakataa kukunjika hadi mwisho. Kwa mtu anayekwenda kazini kwa daladala, goti linalokunjika robo tatu linamtosha. Kwa huyu halimfai kitu, maana akikaa juu kwenye kona anarushwa nje. Uvimbe nao una hila yake: ukikaa karibu na goti, ubongo wenyewe unaufungia msuli amri. Unamwambia mtu "kaza paja" na paja linamtazama. Hapo nia iko tele, paja halina habari nayo.

Kwa hiyo kazi inaanza na vitu vya kuchosha ambavyo hakuna kamera itakayokaa kuvipiga. Wiki mbili za kwanza ni kulinda jeraha na kumwamsha huyo msuli aliyelala: mguu umenyooka, kaza, hesabu, achia, mamia ya mara kwa siku. Nyuzi zikitoka, kovu linasuguliwa kwa kidole likiwa bado laini, kukingama na mkato, ili lisigande. Kisha goti linakunjwa digrii chache chache, baiskeli bila uzito, kisha na uzito. Hatua ya hatari ni ile ya kushuka, kuchuchumaa polepole kwa mguu mmoja, kwa sababu msuli unaorefuka huku umebeba mzigo ndio unaochanika pale ulipoungwa. Ukiharakisha wiki moja unapoteza sita. Baada ya hapo nchi kavu: mkanda wa kiunoni, mwenzako anauvuta kutoka upande, wewe umelala kushoto unavuka mguu mmoja baada ya mwingine kana kwamba uko konani. Barafu inakuja baadaye, na inakuja kwa mizunguko ya polepole, peke yako. Kukimbia na watu ni mwisho kabisa, maana kundini huchagui mwenyewe wakati wa kuukunja mguu. Anayepita ndani yako anakuchagulia.

Kama mnadhani nasema hivi kumpunguzia Celski, mtazameni Mwaustralia Steven Bradbury. Montreal, 1994, Kombe la Dunia: ubapa wa mwenzake unapita pajani mwake, unakata misuli yote minne ya mbele. Alipoteza lita nne za damu. Nyuzi 111. (Ndiyo, nyuzi 111 kwenye mchezo wa njia ya mita 111, mwenye kupenda ishara aichukue bure.) Ilimchukua miezi 18 kurudi katika nguvu zake. Miezi 18 dhidi ya mitano. Je, Bradbury alikuwa na nia hafifu? Huyuhuyu ambaye mwaka 2000 alivunjika shingo mazoezini, akarudi tena, na mwaka 2002 akachukua dhahabu ya mita 1000 Salt Lake City wenzake wote walipoanguka mbele yake? Na Mkorea Ahn Hyun-soo, mwenye dhahabu tatu za Torino 2006, alivunjika goti mazoezini Januari 2008. Alikuwa na miaka miwili mizima kabla ya Vancouver, na hakufika. Nia alikuwa nayo kiasi cha kubadili hata uraia; akaja kuchukua dhahabu nyingine tatu Sochi 2014 kwa jina la Viktor Ahn, akiichezea Urusi. Walichotofautiana hao watatu ni kilichokatwa, kilikatwa kiasi gani, na kama kuna kiungo kilichoguswa. Paja lililokatwa misuli yote minne halifuati ratiba ya lililokatwa upande mmoja, na goti lililovunjika halifuati ratiba ya yeyote.

Yako na mengine yanayorukwa. Celski alipoanguka Marquette alikuwa tayari amekusanya pointi za kumwingiza timuni. Ajali hiyohiyo siku ya kwanza ya mchujo, leo tusingekuwa na kisa cha kusimulia. Nafasi za nchi kwenye Olimpiki hiyo zilitafutwa kwenye Kombe la Dunia la vuli, na yeye vuli hiyo hakushindana. Walioteleza kuzitafuta ni wenzake, wakati yeye anajifunza kukaza paja. Daktari aliyehusika kusimamia kupona kwake alikuwa Eric Heiden, mpasuaji wa mifupa aliyeshinda dhahabu tano za barafu Lake Placid 1980, kuanzia mita 500 hadi 10,000. Hebu niambieni ni vijana wangapi duniani wanaotibiwa na mtu anayelijua paja la mtelezaji kwa vitabu na kwa paja lake mwenyewe. Penye nia pana njia, sawa, na penye kituo cha mazoezi cha Olimpiki cha Marekani kule Colorado Springs pana njia pana zaidi.

Nitakubali mawili, kwa shingo upande.

La kwanza, hofu. Kuna kitu kinachostahili kuitwa moyo, nacho ni kuulaza mwili tena kwenye kona ileile huku kiatu cha kulia, kilekile kilichokukata, kinapita sentimita chache mbele ya paja lilelile. Mtelezaji mwenye hofu unamjua kwa macho: anachelewa kuvuka, anakaa juu, mkono wa kushoto unaegemea barafu badala ya kuigusa tu kwa ncha za vidole. Anaegemea, makali yanapungukiwa na uzito, anaanguka kwa sababu aliogopa kuanguka. Dawa yake ni mizunguko mingi ya polepole, na hapo sina ubishi, lazima mtu atake mwenyewe.

La pili linawaudhi mashabiki wake. Ile shaba ya mita 1500 ilimwangukia. Kona ya mwisho Wakorea watatu walikuwa mbele. Lee Ho-suk akajipenyeza ndani ya Sung Si-bak, wote wawili wakaenda kwenye magodoro, Mmarekani mwenzake Apolo Ohno akapata fedha na Celski shaba. Lakini ili medali ikuangukie lazima uwepo hapo, kona ya 27, nyuma yao kwa hatua chache, kwenye shindano lako la kwanza tangu ulipoona mfupa wako. Kukaa hapo ni kazi ya paja. Shaba ya pili, ya kupokezana mita 5000, haikumwangukia mtu.

Kuhusu mavazi nina sentensi chache tu. Siku hizi ISU, shirikisho la kimataifa la michezo ya kuteleza kwenye barafu, inalazimisha vazi zima linalozuia kukatwa, pamoja na kinga ya shingo, glavu, magoti na muundi. Vizuri, ila nguo hiyo inazuia ubapa unaopita kwa kuteleza. Ubapa unaokuja kwa ncha, na uzito wa mtu nyuma yake, unaisukuma nguo ndani pamoja na nyama. Na nusu ya usalama iko kwa wale wanaobeba ndoo. Waangalieni kati ya mbio na mbio: wanamwaga maji konani kujaza mikwaruzo, wanasogeza vile vibao vyeusi vinavyoonyesha kona mita moja ili kundi linalofuata lipite kwenye barafu ambayo haijalimwa. Shimo moja lisilojazwa linaangusha watu wanne, na baadaye tutaambiwa walikosa bahati.

Oktoba 2012, kwenye uwanja wa Olympic Oval, Calgary, Celski alikimbia mita 500 kwa sekunde 39.937, binadamu wa kwanza kushuka chini ya 40. Mizunguko minne na nusu, kona tisa, zote kushoto. Haukuwa mwaka wa Olimpiki ya majira ya baridi, kwa hiyo kinanda hakikulia.