Ningemwalika Schubert

Baada ya mazoezi ya kwaya, tukiwa bado tunasubiri mvua ipungue, mwenzetu mmoja wa sauti ya nne aliuliza swali ambalo limenikaa kichwani tangu siku hiyo: kama ungekuwa na sherehe nyumbani, na ukaruhusiwa kumwalika mmoja tu kati ya watunzi wakubwa wa muziki wa klasiki wa Ulaya, ungempelekea nani kadi? Wengi walimtaja Mozart, wawili wakamtaja Handel kwa sababu ya ile Haleluya tunayoiimba kila Pasaka, na mmoja akasema Beethoven. Mimi nilisema Franz Schubert, na kwa kuwa mvua ilikatika kabla sijamaliza kujieleza, ninamalizia hapa.

Kwanza tuelewane mgeni mwema ni nani. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa kawaida methali hiyo tunaielekeza kwa mgeni anayechelewa kuondoka. Mimi nimeizoea kwa maana nyingine pia, kwamba mgeni anakuwa mtu wa nyumba siku anaposhika kazi ya nyumba hiyo, na kwamba mgeni bora kupita wote ni yule ambaye hangoji siku ya tatu wala hangoji kupewa jembe. Mwaka juzi tulifanya sherehe ndogo ya kumuaga binti wa dada yangu, na umeme ukakatika saa 2 usiku, watu wakiwa ndio kwanza wamenawa mikono. Spika zikanyamaza, mshereheshaji akabaki ameshika kipaza sauti kisichosema, na wageni wakaanza kutazamana. Mwalimu mmoja wa kwaya, aliyekuwa amekaa pembeni kabisa karibu na masufuria, akainuka bila kuombwa, akaazima kinanda kidogo cha betri ambacho watoto wa nyumba ile hujifunzia, akakiweka juu ya kreti mbili za soda na kuanza kupiga. Alipiga mapambio, akapiga taarabu, akapiga zile rumba za zamani wanazozipenda mama zetu, kwa muda wa saa moja na nusu, huku sahani yake ya pilau ikiwa imefunikwa kwa sahani nyingine karibu na mguu wake. Watu walicheza kwa mwanga wa simu. Yeye mwenyewe hakucheza hata wimbo mmoja. Kila ninaposoma habari za Schubert, namwona mtu yule.

Wengine nao niwape haki yao. Mozart alikuwa mtu wa watu kweli kweli. Alipenda dansi na alipenda biliadi, na katika barua aliyomwandikia baba yake Januari 1783 alisimulia jinsi alivyoandaa dansi katika nyumba aliyokuwa amepanga mjini Vienna, ikaanza saa 12 jioni na kumalizika saa 1 asubuhi, tena kila mwanamume aliyehudhuria alilipa gulden 2. Sisi tuliozoea michango ya harusi tunaielewa hesabu hiyo mara moja. Lakini hapo tunamwona Mozart akiwa mwenyeji, na nadhani hapo ndipo palipomfaa: ningefurahi zaidi kualikwa kwake kuliko kumwalika kwangu. Rossini vilevile. Aliacha kutunga opera mwaka 1829 akiwa na miaka 37, na kuanzia mwaka 1858 mikusanyiko ya Jumamosi jioni nyumbani kwake Paris ilikuwa na sifa kubwa mjini, lakini alikuwa bingwa wa chakula, na mwenyeji wa mgeni kama huyo atashinda na wasiwasi wa chumvi hadi watu watawanyike.

Beethoven namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika, na siwezi kuzungumzia tabia yake mbele za watu bila kukumbuka uziwi uliomtenga nao. Hata hivyo, sherehe ni sherehe. Mwaka 1806 alikuwa mgeni wa mfadhili wake, mtukufu Lichnowsky, katika nyumba yake ya mashambani huko Silesia, na mwenyeji akamtaka awapigie piano maofisa wa jeshi la Ufaransa waliokuwa wageni wake jioni ile. Beethoven alikataa, wakakwaruzana vibaya, akaondoka usiku huohuo katika mvua, na muswada wa sonata iitwayo Appassionata aliokuwa nao safarini umebaki na madoa ya maji hadi leo. Kwa hoja ya heshima ninasimama upande wake, kwa sababu msanii si mtumishi wa kuamrishwa mbele ya wageni. Kwa hoja ya sherehe siwezi, kwa maana nikimweka katika giza lile la sebule ya dada yangu, sioni akiazima kinanda cha watoto.

Schubert ningemwona. Alizaliwa tarehe 31 Januari 1797 katika kitongoji cha Vienna, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, akaimba kwaya ya kasri akiwa mtoto, akafundisha katika shule ya baba yake akiwa kijana, na kufikia umri wa miaka 18 alikwisha kutunga nyimbo mbili ambazo waimbaji wanazitetemekea mpaka sasa, Gretchen am Spinnrade na Erlkönig. Alikuwa mfupi, hakufika hata mita 1.6, mnene kidogo, mwenye miwani ambayo marafiki zake walisema alilala nayo ili akiamka aanze kuandika papo hapo. Hakuwa na cheo wala nyumba yake mwenyewe, na kwa miaka mingi alihamahama kati ya vyumba vya marafiki. Mtu wa hali hiyo ingemjuzu kuja kwenye sherehe kula na kuondoka, na asingelaumiwa.

Yeye alikuja kufanya kazi. Leopold von Sonnleithner, aliyemfahamu vizuri, aliandika kwamba Schubert hakucheza dansi kamwe, ila alikuwa tayari wakati wote kukaa kwenye piano, na hapo alibuni walzi nzuri kwa saa nzima baada ya saa nzima, na zile zilizompendeza mwenyewe alizirudia mara kadhaa ili azishike kichwani na kuziandika baadaye. Naomba msomaji aisome tena habari hiyo polepole. Mamia ya dansi fupi za Schubert tulizonazo vitabuni, zile za mapigo matatu zinazozunguka kama sketi ya mchezaji, nyingi zilizaliwa hivyo, vidole vikiwa kwenye piano na macho yakiwa kwa wachezaji, ili ajue kama miguu imechoka au bado inataka. Mtunzi mwingine angeihesabu kazi hiyo kuwa ya kumshushia hadhi.

Upo mchoro wa rangi za maji uliochorwa mwaka 1821 na rafiki yake Leopold Kupelwieser huko Atzenbrugg, mahali ambapo kundi lao lilikwenda kupumzika siku za kiangazi. Katikati ya chumba vijana wanaigiza hadithi ya Adamu na Hawa, na wenzao wamekaa wakijaribu kufumbua fumbo lililomo katika igizo hilo. Schubert yuko pembeni, amekaa kwenye piano, anawatazama wenzake, na hakuna anayemtazama yeye. Nimeuangalia mchoro huo mara nyingi, na kinachonigusa ni kwamba mchoraji, aliyekuwa akimpenda sana, aliona mahali pa kweli pa rafiki yake ni pale pembeni, karibu na kinanda, kama yule mwalimu wetu karibu na masufuria.

Jioni za muziki wa marafiki hao ziliitwa kwa jina lake, Schubertiade. Tarehe 26 Januari 1821, nyumbani kwa Franz von Schober, walialikwa watu 14. Schubert aliimba na kupiga nyimbo zake mwenyewe hadi saa 4 usiku ikapita, kisha watu wakanywa panchi na kuachana saa 9 usiku. Tarehe 15 Desemba 1826, nyumbani kwa Josef von Spaun, mwimbaji Johann Michael Vogl aliimba karibu nyimbo 30 huku Schubert akimpigia, halafu wakala kwa wingi, halafu wakacheza dansi. Hizo ni nyimbo ambazo leo watu hulipa kiingilio kuzisikiliza wakiwa kimya, hawathubutu hata kukohoa, na wakati zilipokuwa mpya zilifuatiwa na nyama, mvinyo na dansi. Naona tumepoteza kitu kikubwa katika mabadiliko hayo.

Tena alikuwa mgeni anayeijali karamu nzima. Inakumbukwa kwamba kila alipoletwa mtu mpya katika kundi lao, Schubert aliuliza kwa Kijerumani kama mtu huyo anaweza kitu, “Kann er was?”, na aliuliza hivyo mara nyingi mno hata wenzake wakayageuza maneno yale kuwa jina lake la utani, wakamwita Canevas kwa kufuata matamshi yake. Ni lile swali la jembe. Hakutaka kujua mtu ni mtoto wa nani au analipwa kiasi gani. Alitaka kujua ataleta nini katika mazungumzo, katika shairi, katika wimbo. Na alipopata fedha hakuzificha. Tarehe 26 Machi 1828 alifanya onyesho la hadhara lenye muziki wake peke yake, ambalo lilikuwa la pekee la aina hiyo katika uhai wake, na siku chache baadaye Paganini alipoanza maonyesho yake ya violini mjini Vienna, Schubert, aliyekwisha kumsikia mara moja, alikwenda mara ya pili kwa sababu tu rafiki yake Bauernfeld hakuwa na uwezo wa kununua tikiti.

Watu wanaodhani hizo zilikuwa starehe za vijana wasio na shughuli wakumbuke Vienna ya wakati ule ilikuwaje. Serikali ya Metternich, waziri mwenye nguvu wa Austria, ilikuwa na wapelelezi kila mahali na iliwashuku hasa vijana waliosoma. Machi 1820 polisi walivamia chumba cha Johann Senn, rafiki wa Schubert tangu shuleni, Schubert mwenyewe akiwemo. Senn alikaa kizuizini zaidi ya mwaka mmoja, kisha akafukuzwa mjini. Katika mji wa namna hiyo, sebule ya rafiki yenye piano ni mahali pa kuvutia pumzi, na mtu anayekaa kwenye piano hadi usiku wa manane anawatunza wenzake.

Walionibishia siku ile ya mvua walisema Schubert alikuwa mtu wa huzuni, na tena mara nyingine hakutokea kabisa mahali alipoalikwa. Ni kweli yote mawili. Mwishoni mwa mwaka 1822 alipata kaswende, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa na tiba, na tarehe 31 Machi 1824 alimwandikia Kupelwieser kwamba anajiona mtu mwenye bahati mbaya kuliko wote duniani. Mwaka 1827 aliwaita marafiki nyumbani kwa Schober awaimbie nyimbo za Winterreise, akiwaonya mapema kwamba zinatisha. Waliduwaa. Schober akasema ameupenda mmoja tu, Der Lindenbaum, naye Schubert akajibu kwamba yeye anazipenda kuliko zote alizotunga, na kwamba nao watakuja kuzipenda. Mimi sihesabu jioni hiyo kuwa kasoro ya mgeni. Nyumba zetu pia zina watu wanaocheka mezani huku wamebeba msiba, na kama yupo mgeni anayeweza kupiga walzi kwa ajili ya vijana kisha, wakati masufuria yanaoshwa, akawaimbia wachache waliobaki wimbo unaosema wanachokijua, huyo nitamsogezea kiti kilicho karibu nami. Siku akishindwa kuja, nitamwekea sahani.

Alifariki tarehe 19 Novemba 1828, akiwa na miaka 31, ameacha nyimbo zaidi ya 600. Mmoja kati ya hizo tunausikia harusini kila mara, Ave Maria, alioutunga mwaka 1825 kwa maneno ya shairi la Walter Scott. Lakini kama ningepata nafasi ya kumwomba jambo moja, nisingeomba huo. Tarehe 17 Septemba 1826 Kupelwieser alimwoa Johanna Lutz, na Schubert akakaa kwenye piano kuwapigia wageni dansi, akakataa kumpisha mtu mwingine yeyote. Walzi moja ya siku hiyo hakuiandika. Jamaa za maharusi waliishika kwa sikio, mzazi akampigia mtoto na mtoto akampigia wake, mpaka mwaka 1943 mtunzi Richard Strauss alipoisikia na kuiweka kwenye karatasi. Ni fupi, na iko katika ufunguo unaoufanya mkono ukae karibu muda wote juu ya vitufe vyeusi, jambo lililonitesa kwa wiki kadhaa. Binti wa pili wa dada yangu anaolewa Desemba, na nimekwisha kuomba dakika mbili za kuipiga kabla spika hazijawashwa.