Tusiiite damu chafu

Makala yenu imeeleza vyema chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana kuanzia miaka 10, na nimefurahi mmekumbusha kwamba ilizinduliwa hapa hapa Mombasa mwaka 2019. Lakini mama zao je? Mmewapitia kwa mstari mmoja tu.

Mamangu mdogo wa Kisauni alikuwa ameshakoma hedhi miaka 6 alipoanza kutokwa na damu. Leso zake akizifua usiku na kuzianika chumbani, watoto wasione. Jirani akamwambia ni damu chafu, iache itoke. Miezi 8 akinywa mizizi. Alipofika kwa daktari, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Mungu amrehemu.

Dada zangu, damu baada ya kukoma hedhi, au baada ya tendo la ndoa, si ya kungojea. Nenda hospitali. Na hata usiye na dalili, kapimwe. Kipimo kimoja ni muuguzi kupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, kungoja kama dakika moja, kisha kuangalia kama pana weupe. Basi. Mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani, maana huchukua miaka mingi kugeuka. Aliyechanjwa naye apimwe umri ukifika, kwani chanjo haizuii aina zote za kirusi hicho.

Ombi langu ni kwa kina somo wanaofunda maharusi wetu. Mnawaambia mengi ya mwili, tafadhali na hili mlitaje. Mwari akilisikia kwenu, hatalionea haya.