Kinanda kikae sebuleni

Nikiingia kwenye nyumba yenye mtoto anayejifunza kinanda, huwa naangalia kwanza kinanda chenyewe kimewekwa wapi. Kikiwa juu ya kabati, ndani ya boksi lake, adapta imeviringishwa kwa raba, sina haja ya kuuliza mazoezi yanakwendaje.

Hebu fikiria mtoto wa darasa la nne hapa Dodoma. Ametoka nyumbani alfajiri, amepitia tuisheni, anaingia ndani saa kumi na moja jioni soksi zimejaa vumbi. Ukimwambia apande kiti, ashushe boksi, atafute meza, kisha aanze kuuliza nani kachukua adapta, umeshampoteza. Hamu ya muziki kwa mtoto aliyechoka ni ya dakika chache tu, na zote zimeishia kwenye kutafuta waya.

Wazazi hunijibu, "Mwalimu, vumbi." Wana haki. Kiangazi chetu ni kirefu, na upepo ukianza kuvuma mwezi wa saba na wa nane, kila kitu ndani ya nyumba kinapata rangi moja. Vumbi likipenya chini ya vitufe, kimoja kinaanza kukwama, kingine hakilii mpaka ukibonyeze kwa hasira. Lakini dawa yake ni kipande cha kitenge juu ya kinanda, basi. Kufunua kitenge ni kazi ya mkono mmoja.

Halafu kikae sebuleni, wala si chumbani. Najua kelele zinaudhi, na najua televisheni ina wenyewe. Ila sisi tunaishi Ugogoni, mahali ambapo muziki haujawahi kuwa jambo la kujifungia. Akina mama wanapiga ngoma za muheme uwanjani, watoto wako pembeni wanaangalia mikono, na hakuna anayewafukuza wakikosea. Hayati Hukwe Zawose, aliyeipeleka ilimba, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze ya Wagogo kwenye majukwaa ya dunia mpaka alipofariki mwaka 2003, aliacha ukoo wa wanamuziki nyuma yake. Sanaa ya namna hiyo hurithiwa kwa kusikilizana kila siku. Mtoto wa kinanda naye anahitaji nyumba iliyozoea kumsikia akikosea bila mtu kucheka.

Kuhusu muda sina maneno mengi. Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi, kwa sababu vidole hushika kwa kurudia, na usingizi wa usiku husaidia kukitia mizizi kile kilichorudiwa. Uambatanishe muda huo na jambo ambalo tayari lina saa yake: akishaoga, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Baba akishashika rimoti, mjadala umefungwa. Umeme ukikatika, vinanda vingi vidogo vinatumia betri; vinginevyo mwache aimbe do re mi ya wimbo wake huku anapigapiga vidole mezani. Nayo ni mazoezi.

Penye kazi hasa ni ndani ya hizo dakika 15. Watoto karibu wote hufanya kitu kilekile: anaanza wimbo mwanzoni, anajikwaa mstari wa pili, anarudi mwanzoni, anajikwaa palepale. Mwisho wa wiki mstari wa kwanza unateleza kama mlenda, na lile kosa nalo amelikariri vizuri kabisa. Mzazi asiyejua nota hata moja anaweza kuliondoa hili kwa swali moja: "Unakwama wapi?" Pazungushie penseli. Apige hapo tu, mkono wa kulia peke yake, wa kushoto peke yake, taratibu mpaka ikere, ndipo aunganishe.

Au angalia kiwiko. Mtoto akipanda do re mi kwa mkono wa kulia, anatumia dole gumba, cha shahada, cha kati. Kisha dole gumba linatakiwa kupita chini ya kidole cha kati likadake fa. Hapo wengi huinua kiwiko juu kama anayejipenyeza kwenye daladala. Mwambie, "Kiwiko, mwanangu," basi. Huhitaji kuwa mwalimu wa muziki kuliona hilo, unahitaji kukaa karibu, na simu iwe mbali.

Kuna vitufe viwili ninavyovigombania. Cha kwanza ni cha midundo: mtoto anawasha rumba, anabonyeza nota mbili, mashine inamalizia zingine, na nyumba nzima inampigia makofi. Nawapa watoto dakika tano za mwisho wawashe wanachotaka, kabla ya hapo hapana. Cha pili ni kile cha "transpose", kinachohamisha wimbo mzima juu au chini bila vidole kubadili mahali, ambacho wapiga kinanda wengi makanisani hukitegemea ili wapige kila wimbo kwa do ileile moja. Jumapili inapita salama, sikatai. Ila siku mtoto huyo atakapokaa mbele ya piano ya kweli, yenye vitufe 88 na isiyo na msaada huo, atajikuta anajua mtaa mmoja tu wa mji mzima.

Tafadhali kinanda kisiwe adhabu. "Umevunja kikombe, nenda kafanye mazoezi" ni sentensi inayoharibu kazi ya mwaka. Wageni nao wakija, mtoto akikataa kuwapigia, mwacheni.

Kinachomvuta zaidi ni kuwa na mahali pa kupiga. Zungumza na mwalimu wa Sunday School au wa kwaya ya watoto ampangie wimbo mmoja mfupi mwezi ujao, ubeti mmoja na kiitikio, kwa kasi anayoiweza yeye. Na kwaya waambiwe mapema: siku hiyo mpiga kinanda hawafuati wao, wao ndio wanamfuata.