Boi wa Mjomba

Msimu wa 2024, minada ya korosho ilipofunguliwa na kilo ikapita shilingi 4,000, mjomba wangu wa Newala aliteremka Mtwara na neno moja. Hija alishakwenda, nyumba alishajenga, magari ya mizigo yapo barabarani. Kilichobaki ni kupanda meli ya starehe, yeye na mkewe, na wa kumchagulia meli ni mimi. Sisi Wamakonde mjomba akishasema, kikao kimefungwa. Halafu mimi nina steshenari karibu na stendi, nina intaneti, kwa hiyo kwa hesabu zake mimi ni wakala wa meli.

Mjomba mwenyewe bahari huiona kwa mbali, akileta mzigo. Kule juu uwandani hata maji ya ndoo yana foleni. Mimi nimezaliwa Shangani, pwani ya hapa Mtwara, nimejua kuogelea kabla sijajua kusoma, na jambo hilo sikuacha kumkumbusha.

Tukakaa dukani, mashine ya fotokopi nikaizima. Nikaanza na kampuni ya Regent Seven Seas. Nikamsomea: ukishalipa nauli umemaliza, chakula humo, vinywaji humo, bakshishi humo, hata matembezi mkifika bandarini.

"Vinywaji gani?"

"Vyote, mjomba. Mvinyo, wiski, shampeni..."

"Mimi nakunywa wiski?"

"Hunywi, mjomba."

"Basi waambie waitoe kwenye bei."

Nikamweleza kwamba haitoki. Akanitazama kama karani wa AMCOS, ule ushirika wa wakulima, aliyesoma mizani vibaya. "Kwa hiyo mimi ninywe maji, halafu Mzungu wa meza ya pili alewe kwa korosho zangu?" Regent ikafia hapo.

Viking ilimfurahisha kidogo, maana meli zake za baharini hazina kamari. Lakini hazipokei mtu aliye chini ya miaka 18, na mkaza mjomba alikuwa ameshamwahidi mjukuu wake. Nikafungua Seabourn. Hawa wanagawa bure yale mayai ya samaki ya bei mbaya, na siku ya kushinda ufukweni wahudumu huingia baharini na sare zao, wakawalisha abiria humo humo majini. Mkaza mjomba, aliyekuwa ameketi juu ya boksi la karatasi za A4, akauliza kama vijana hao wana wazazi.

Silversea ndiyo iliyoleta ugomvi. Kila chumba kina mtumishi wake. Ukiingia anakufungulia sanduku, anatundika nguo, anang'arisha viatu, na chai anakuletea kitandani. Mjomba macho yakamtoka.

"Boi wangu mwenyewe?"

"Wako, mjomba."

"Mwanamume gani huyo," mkaza mjomba akadakia, "wa kuja kuniokotea sidiria zangu kwenye sanduku?" Kwa utani wa mkaza mjomba na mpwa, sauti hakuipunguza. Mwalimu mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akasema atarudi kesho.

Ili kutuliza mambo nikaleta Cunard, na meli yao Queen Mary 2, inayokata Atlantiki tangu 2004, Southampton hadi New York, usiku saba hivi. Kule pombe kila mtu na bili yake. Mjomba akakaa vizuri. Jioni za sherehe mwanamume anavaa suti nyeusi na tai, au vazi rasmi la kwao. "Kanzu," akasema mjomba, na wala hakuwa anauliza. Nikaendelea kusoma, na afadhali ningeishia pale, kwamba meli hiyo inapokea na mbwa.

"Mbwa?"

"Mbwa, mjomba. Wana vibanda 24, wana mtu wa kuwatunza, na wamewekewa bomba la zimamoto la Kimarekani na nguzo ya taa ya Kiingereza, wapate pa kukojolea kwa mazoea ya kwao."

Mjomba akaomba maji ya kunywa.

Zikabaki mbili: Silversea yenye boi, Cunard yenye bili. Mke huku, mume kule. Mjomba ni mfanyabiashara, na korosho hainunuliwi gunia zima bila kupasua chache ukaona ndani. Akaamua tumpasue huyo boi kwanza. Tukodi boti, tuingie baharini, boi niwe mimi.

Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma. Pale Feri tukapata boti ya mashine ambayo siku nyingine hubeba samaki, na harufu yao ilikuwa bado imo. Mjomba alivaa kanzu, koti na miwani ya jua. Mkaza mjomba alijifunga kanga mbili. Mimi nilibeba sinia, chupa ya chai, vikombe, kibakuli cha korosho za kukaanga, na sanduku la magurudumu lenye suti nyeusi aliyoiazima mjomba kwa rafiki yake aliyewahi kuwa diwani. Nahodha akatutazama, akauliza kama tunahama.

Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa supu ya pweza. Hilo naomba liandikwe.

Ndani ya ghuba bahari ilikuwa imelala. "Boi!" "Naam, bwana." "Chai." Nikamimina, tone halikumwagika. Mjomba akanyoosha miguu, akapungia watu wa Msangamkuu ambao hawamjui. Kama tungegeukia hapo, leo Silversea ingekuwa na wateja kutoka Newala. Lakini mjomba akamwambia nahodha, "Hizo meli haziishii Msangamkuu. Toka nje."

Tulipoipita rasi, boti ikaanza kupanda na kushuka. Moshi wa mashine ukawa unarudi usoni kwangu. Chini, maji ya ngama yalikuwa yanakwenda huku na huku na magamba ya samaki.

"Boi, fungua sanduku. Tundika suti."

Nikapiga magoti. Nikavuta zipu. Nikalivua lile koti nailoni yake, nikalitandaza juu ya sanduku, na wimbi likatunyanyua, likatuachia.

Sitaeleza yote. Niseme tu kwamba kipande kimoja cha mkono wa pweza kilitua kwenye kola ya diwani, kimejikunja, miduara yake yote inahesabika, kama kilivyokuwa kwenye bakuli.

Mkaza mjomba alicheka mpaka akashikilia ubao asiende na maji. Mjomba alikuwa anatafuna korosho. Anatafuna, anaangalia upeo wa bahari, tumbo lake limetulia kabisa.

Nahodha akapunguza mashine, akaniangalia kwa huruma. "Huyu ndiye wa Newala, siyo?"

"Hapana," mjomba akasema. "Huyo ndiye wa Shangani."

Dobi wa kwanza aliikataa suti kwa kuinusa tu, wa pili akataka alipwe kabla hajafungua mfuko. Diwani alilipwa suti mpya, na mfuko wa korosho ninaoletewa kila msimu msimu huo sikuuona.

Siku ile ile tulipokanyaga nchi kavu, mimi nimekaa chini nimeegemea sinia, mjomba alinawa mikono, akasema, "Andika Cunard."

"Na boi, mjomba?"

"Wa kutapikia suti ya watu ninaye tayari, wa nini wa kulipia?" Akapiga hatua chache, akageuka. "Na uulize kile kibanda cha mbwa ni bei gani. Ukitaka kuja, chumbani kwangu hulali."